Uzoefu wangu Belvedere, Vienna: kasri, picha na reale ya bibi

Naanza na hukumu ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka mwisho. Kama uko Vienna na nafasi yako ya makumbusho ni siku moja tu, nenda Belvedere, kasri la majumba mawili ambalo sasa ni makumbusho, kata tiketi ya Jumba la Juu peke yake, na uingie asubuhi mapema. Tiketi ya pamoja, ile inayochanganya na Jumba la Chini, waachie wenye siku za kutosha. Nyota nne na nusu kati ya tano. Iliyopunguza nusu nitaisema.

Nilikwenda na mdogo wangu kwa treni kutoka Munich, safari ya kama saa nne. Ukishuka kituo kikuu cha Vienna, Belvedere ni kutembea tu, huhitaji teksi. Asiyetaka kutembea apande tramu ya D. Tiketi huuzwa kwa saa maalumu ya kuingia, kwa hiyo inunue mtandaoni kabla. Sisi tulichukua ya saa tatu asubuhi. Walio chini ya miaka 19 hawalipi, na hilo lilimfurahisha mdogo wangu kuliko picha zote. Begi kubwa utaliacha kwenye makabati. Kupiga picha ruhusa, mradi usiwashe flashi.

Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa Mwanamfalme Eugene wa Savoy. Alizaliwa Paris mwaka 1663, akaomba kuwa askari wa Mfalme Louis XIV, akakataliwa. Akaenda zake Austria, na huko akawa jemadari mkubwa kuliko wote wa zama zake, akiipiga Dola ya Uthmaniya na baadaye majeshi ya huyo huyo Louis aliyemkataa. Utajiri wa vita ndio uliojenga hapa. Mjenzi wake, Johann Lukas von Hildebrandt, alimaliza Jumba la Chini mwaka 1716 kwa ajili ya makazi ya majira ya joto, kisha akapanda juu ya mlima kujenga la pili, lililomalizika 1723. Hilo la juu halikuwa la kulala. Lilikuwa la kupokelea wageni na kuwaonyesha mwenyewe ni nani.

Na kweli, unaingia tu na kazi hiyo inaanza. Ukumbi wa chini umebebwa na majitu manne ya mawe, vifua wazi, migongo imepinda kwa uzito. Nilidhani ni mapambo ya mtindo wa baroko, kumbe yana kazi: dari la ukumbi huo lilitishia kuanguka, na katika majira ya baridi ya 1732 kuingia 1733 Hildebrandt akalazimika kulijenga upya na kuliegemeza kwenye nguzo hizo. Tangu nilipolijua hilo nayaonea huruma zaidi.

Panda ngazi ufike Ukumbi wa Marumaru. Umejaa rangi nyekundu ya kahawia na dhahabu, na dari lake alilichora Carlo Carlone, Mwitaliano. Simama katikati utazame juu mpaka shingo iume; nguzo zilizochorwa zinaungana na nguzo za kweli, hata hujui ukuta umeishia wapi. Watu wengi wanaupita ukumbi huu mbiombio kwenda kwenye picha maarufu. Ndipo hapo, tarehe 15 Mei 1955, mawaziri wa nje wa Umoja wa Kisovyeti, Marekani, Uingereza na Ufaransa walipotia saini pamoja na Austria mkataba wa kuirudishia nchi hiyo uhuru wake baada ya miaka kumi ya kukaliwa na majeshi ya kigeni.

Eugene alikufa 1736 bila mke wala mtoto. Mali ikaangukia kwa binti wa ndugu yake, na mwaka 1752 Maria Theresa, mtawala wa nasaba ya Habsburg, akayanunua majumba. Hapo ndipo mimi niliposimama ghafla. Maria Theresa huyu namfahamu! Bibi yangu Tanga alikuwa na reale moja ya fedha ndani ya kasha lake, na uso uliochorwa juu yake ni wa mama huyu mnene. Katika karne ya 19 sarafu hizo zilikuwa pesa ya biashara Unguja na pwani yote, zikinunulia karafuu na pembe. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa, hata zilizopigwa miaka mia baadaye, kwa sababu wafanyabiashara hawakutaka sura nyingine. Hata leo bado zinatengenezwa Vienna, na ofisi ya kupiga sarafu iko umbali wa kutembea kutoka Jumba la Chini. Mdogo wangu aliniambia nipunguze sauti, watu wanageuka.

Mkaazi wa mwisho wa kifalme alikuwa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi. Aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, na kabla ya mwaka kwisha vita vilivyoanzia kwenye kifo hicho vilishafika kwetu: Novemba ya 1914 Waingereza walishusha jeshi Tanga wakapigwa na Wajerumani na askari wao Waafrika. Makaburi ya vita yapo mpaka leo. Kisha ikafuata miaka minne ya wapagazi kufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi. Sikuona mahali pengine Ulaya ambapo nyumba moja imenigusa namna hiyo, na ndiyo sababu nasema isome kwanza kama nyumba, ujue nani alikaa na nani alimfuata, ndipo ukatazame kuta.

Haya, picha. “Busu” ya mchoraji Gustav Klimt ndiyo inayojaza mabasi. Ni mraba wa sentimita 180 kila upande, na dhahabu yake ni dhahabu kweli, karatasi nyembamba zilizobandikwa. Baba yake Klimt alikuwa mchongaji wa dhahabu. Serikali iliinunua mwaka 1908 ilipoonyeshwa mara ya kwanza. Nilijiandaa kutoipenda, kwa kuwa nimeshaiona kwenye vikombe, miavuli na soksi. Ikanishinda. Kwenye soksi huoni kwamba magoti ya mwanamke yako ukingoni kabisa pa bustani ya maua, vidole vya miguu vimejishika, na mbele yake hakuna kitu. Tuliipata kwa dakika chache tu bila msongamano. Tuliporudi saa tano kulikuwa na simu nyingi hewani kuliko vichwa, na hapo ndipo nusu nyota ilipopotea. Nyumba haina kosa, umaarufu ndio huo.

Picha nyingine ya Klimt utaikosa: ile ya dhahabu ya Adele Bloch-Bauer ya mwaka 1907. Ilining'inia hapa kwa miongo mingi, lakini Wanazi waliipora kutoka kwa mumewe Adele, Myahudi, na mwaka 2006 baraza la usuluhishi liliamua irudi kwa warithi. Sasa iko New York. Mtanzania anayeishi Ujerumani hawezi kuisoma habari hiyo asimkumbuke mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa kwetu enzi za ukoloni wa Wajerumani na sasa amesimama Berlin.

Kwa mapenzi yangu, aliyeshinda ni mchoraji Egon Schiele. “Familia” yake ya mwaka 1918 inaonyesha baba, mama na mtoto, wote wamechuchumaa, wote wanatazama pande tofauti. Mwezi Oktoba mwaka huo homa ya Kihispania, yale mafua yaliyoua watu dunia nzima, ilimuua mkewe akiwa mjamzito, na siku tatu baadaye ikamchukua yeye, ana miaka 28. Mbele ya picha hii hapakuwa na mtu. Usipite pia vichwa vya Franz Xaver Messerschmidt, sanamu za karne ya 18 za nyuso zilizokunjamana na kununa. Mdogo wangu alijaribu kuziiga zote na mlinzi mmoja akashindwa kujizuia kucheka.

Maelezo ukutani ni ya Kijerumani na Kiingereza tu, kwa hiyo kama unakwenda na mzazi asiyejua lugha hizo, soma habari kabla ili umsimulie.

Bustani haina kiingilio. Inateremka kwa ngazi tatu kutoka Jumba la Juu hadi la Chini, ikilindwa na sanamu zenye mwili wa simba na kichwa cha mwanamke. Kutoka juu unaiona Vienna yote na mnara wa kanisa la Mtakatifu Stefano, mandhari ile ile aliyoichora mchoraji Bellotto karibu na mwaka 1760. Watu wa Vienna wanaigombania: mpango wa kujenga ghorofa refu ndani ya mandhari hayo ulichangia UNESCO kuuingiza mji mkongwe wa Vienna kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2017. Vaa viatu vya kutembelea, maana njia ni za changarawe na mteremko. Kahawa kunyweni nje ya geti, bei ni ya watu wa kawaida.