Kihisi cha Sukari: Uzoefu Wangu na Duka Lililoniuzia

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Anayetaka uamuzi wangu kwa haraka, huu hapa: usinunue kihisi cha kupima sukari mfululizo hapa Dar es Salaam kabla hujajua ni nani atakayekujibu siku kitakapokufa. Changu kilikufa mapema, kabla hata nusu ya zile siku 14 zilizoandikwa kwenye kasha haijafika, na niliyemlipa fedha zangu akaniambia mbele ya wateja wengine, "Mama, sisi tunauza, hatutibu."

Nina kisukari aina ya kwanza tangu nilipokuwa sekondari. Kwa asiyejua, maana yake ni kwamba kongosho langu halinipi insulini, hivyo najichoma sindano kila siku, na kabla ya sindano inanipasa kujua sukari imefika wapi. Kwa miaka yote hiyo nimejua kwa kutoboa kidole na kudondosha damu kwenye kipande cha kupimia, hadi ncha za vidole vya mkono wa kushoto zimeota sugu. Niliposikia kwamba kuna kidude kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kikaleta namba kwenye simu kila baada ya dakika chache, nilikusanya fedha ambazo zingetosha kununulia vipande vya kupimia vya zaidi ya mwezi mzima, nikazipeleka dukani kwa furaha.

Sayansi yake sina ugomvi nayo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Watafiti wa Marekani, Leland Clark na Champ Lyons, walieleza tangu mwaka 1962 jinsi kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi kinavyoweza kuunganishwa na elektrodi, yaani ncha inayopokea umeme, ili kupima sukari, na vihisi vingi vya leo bado vinasimama juu ya wazo hilo. Kiuzi chembamba huingia chini ya ngozi, kimeng'enya kilichopakwa juu yake hukutana na sukari iliyomo kwenye majimaji ya kati ya seli, hapo hutokea mkondo mdogo sana wa umeme, na mkondo huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Kifaa cha kwanza cha namna hii kuidhinishwa Marekani, mwaka 1999, kilivaliwa siku chache tu, na mgonjwa mwenyewe hakuona kitu mpaka daktari apakue takwimu. Kutoka hapo hadi kusoma sukari yako kwenye simu ya kawaida ukiwa umesimama ndani ya daladala ni hatua kubwa, na sitamnyima mtu sifa zake.

Lakini kimeng'enya ni protini, na protini haipatani na joto. Kasha langu lina mchoro mdogo wa kipimajoto wenye mipaka ya nyuzi za kuhifadhia, mchoro ambao hata asiyejua Kiingereza anauelewa. Niliporudi dukani na kifaa changu kilichokufa ndipo nilipotazama vizuri mahali makasha yalipopangwa: kwenye kabati la kioo linaloelekea barabarani, jua la alasiri likiyapiga bila kizuizi, na kasha la juu kabisa limepauka upande mmoja hata rangi yake ya buluu imekuwa kijivu. Siwezi kuapa kwamba joto ndilo lililokiua changu. Vihisi vingine hufa tu bila sababu inayoonekana, na watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wana utaratibu wa kubadilisha vilivyokufa kabla ya muda. Hata hivyo, mtu anayeweka insulini kwenye friji kisha akaweka vihisi juani, tumweleweje?

Nilimsalimia kijana wa kaunta, akaitikia bila kuinua macho kwenye simu yake. Nikamwonyesha ujumbe uliosema kwamba kihisi kimefikia mwisho na kibadilishwe. Akaniuliza kama nilioga nacho. Nikamjibu kwamba maelezo yenyewe yanasema mtu anaweza kuoga nacho. Akaniuliza kama huwa natoka jasho sana. Dar es Salaam, katika miezi ya joto, mtu anamuuliza mtu mzima kama anatoka jasho! Nilipomgeuzia swali kuhusu kabati lake na lile jua ndipo aliponijibu hayo ya kuuza na kutibu. Kisha, kabla sijapata hata neno la kumrudishia, akafungua droo, akatoa saa nyeusi ya mkononi, akanishauri ninunue hiyo badala yake, kwa sababu "hii haichomi, mama, inasoma sukari kwa mwanga tu."

Hapo hasira yangu ilichanganyika na woga. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya hadharani kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mtu anayejichoma insulini kwa kufuata namba ya kubahatisha anaweza kulala na asiamke. Kijana yule hakuwa na habari, au alikuwa nayo na haikumshughulisha. Sijui lipi ni baya zaidi. Dada mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alikuwa tayari ameinyoosha shingo kuitazama ile saa na kuulizia bei.

Sasa niseme jambo litakaloonekana kupingana na niliyokwisha kuandika. Zile siku chache ambazo kihisi kilikuwa hai zilinifunza kuhusu mwili wangu kuliko miaka ya kutoboa vidole. Miaka nenda miaka rudi nimekula wali wa nazi usiku wa Ijumaa, nikapima baada ya saa mbili kupita, nikaona saba na kitu, nikalala kwa amani, kisha nikaamka na kumi na tatu nisijue imetoka wapi. Mstari kwenye simu ulinionyesha imetoka wapi. Mafuta ya tui huchelewesha chakula tumboni, kwa hiyo sukari haikupanda nilipokuwa nikiivizia. Ilianza kupanda taratibu nikiwa usingizini, wakati ile insulini ya chakula imekwisha nguvu. Halafu kuna mshale. Namba 97 (miligramu kwa desilita), yaani 5.4 kwa kipimo cha kliniki zetu (milimoli kwa lita), ikiwa na mshale unaoshuka, ni habari tofauti kabisa na 97 yenye mshale uliolala, na kidole hakijawahi kunipa mshale. Kwa hiyo lile neno langu la mwanzo, usinunue, nalifuta.

Nalifuta nusu. Kwa nini nasoma 97 badala ya 5.4? Kwa sababu kasha hilo lilitengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine, programu yake haikunipa nafasi ya kubadilisha kipimo, na muuzaji hakuona haja ya kunitajia kwamba nitahitaji kugawanya kwa 18. Usiku mmoja simu ililia kwa sauti ya kuamsha nyumba nzima ikionyesha 52. Nikagawanya gizani, nikapata 2.9, nikamwamsha mume wangu, akaleta kikombe cha maji ya sukari. Mkono ukitetemeka nikatoboa kidole kwanza: 6.2. Nilikuwa nimeulalia mkono wenye kihisi, na kugandamizwa huko hupunguza majimaji yanayokifikia, kikadhani sukari imekwisha. Daktari wa kliniki ndiye aliyenieleza baadaye, pamoja na kwamba kihisi huchelewa nyuma ya damu kwa dakika tano hadi kumi na tano hivi, na kwamba vidonge vya vitamini C kwa wingi huweza kupandisha namba za baadhi ya vihisi bila sukari yenyewe kupanda. Mambo hayo matatu yanaelezeka katika muda ule ule aliotumia kijana kuhesabu chenji yangu.

Nilipiga pia namba iliyo kwenye kasha. Mwanamke aliyepokea alikuwa na adabu, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniomba namba ya kihisi, kisha akaniambia kwa upole kwamba hubadilisha vile tu vilivyouzwa katika nchi yake. Sikumlaumu. Nimeshanunua kingine, mahali pengine, kwa mfamasia aliyekitoa kwenye chumba cha ubaridi, akakagua tarehe ya mwisho wa matumizi na kuandika namba ya kihisi kwenye stakabadhi kabla sijaomba, na hadi ninapoandika kinafanya kazi vizuri. Fedha za kile cha kwanza sijarudishiwa. Malalamiko ya fedha nitayapeleka Tume ya Ushindani. Habari ya saa nyeusi naipeleka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, pamoja na picha ya kabati niliyoipiga nikiwa nimesimama nje barabarani, jua likiwa bado juu ya makasha.