Skana safi, laminesheni msiba: duka la "kuhifadhi nyaraka" hapa Malindi

Nyota mbili. Siku ile ningetoa sifuri, na huenda nikimaliza kuandika nikarudi hukohuko.

Mtu akiandika ukutani "Tunahifadhi nyaraka za zamani", unatarajia angalau ajue kuwa bahasha ina mgongo. Hawa wa duka la kopi hapa mjini (jina silitaji, wenyewe watajijua) hawana habari. Nilipeleka fungu la bahasha za biashara za Lamu, za zama za Mwingereza, na agizo lilikuwa moja: ziskaniwe mbele na nyuma, zirudi kama zilivyokuja. Ziliskaniwa, kweli. Ila moja ilirudi imepigwa laminesheni. Bure, eti zawadi ya mteja mpya.

Na walivyo na bahati, wakachagua bora kuliko zote. Bahasha ya kutoka Bombay kuja Lamu, stempu za India za Mfalme George V, jina la wakala wa kamisheni limechapwa kona ya juu kushoto. Nyuma, mhuri wa kampuni wa rangi ya zambarau umegongwa juu ya kifuniko, na chini yake mihuri miwili ya posta: wa Mombasa ilikopitia na wa Lamu ilikofikia. Pembeni karani wa Lamu ameandika kwa wino "S. 1982". Katikati pana tundu dogo lenye duara la kutu.

Kijana wa kaunta akanionyesha huku anatabasamu: "Mzee, tundu tumeliziba, na huku palipochanika tumepanyoosha."

Kupanyoosha maana yake wameukata ukingo kwa gilotini.

Sasa sikilizeni, kwa sababu ndipo hasira yangu ilipo. Tundu lile ni la msumari uliokuwa ukisimama juu ya meza ya karani. Barua ikishajibiwa inachomekwa pale. Tundu la kutu linakwambia karatasi hii imetoka kwenye faili la ofisi iliyokuwa ikifanya kazi, haikutengenezwa ili kuwauzia wakusanyaji stempu. Wao wameliziba kwa gundi nyeupe. Ukingo uliochanika unaonyesha bahasha ilifunguliwa upande gani, na ndio makarani walipopenda kuandika tarehe ya kupokea. Gilotini imepita na "S" na "1" ya mwanzo. Iliyobaki ni "982".

Halafu faili la skani wakaliita "Barua ya 1982". Jamani! Mfalme George V alifariki 1936. Ile "S" ni Samvat, kalenda ya vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa Kigujarati. Mwaka wao wa hesabu unaanza baada ya Diwali, kwa hiyo toa 57 ikiwa tarehe iko kati ya Diwali na Desemba, toa 56 kwa miezi inayofuata. Samvat 1982 ni mwishoni mwa 1925 hadi vuli ya 1926. Na tarakimu zikiwa za Kigujarati zenyewe, chunga tarakimu yao ya moja: inafanana na tisa yetu, na wengi huisoma hivyo.

Kuhusu laminesheni yenyewe: ile nailoni ina gundi inayoyeyuka kwa joto na kuzama ndani ya nyuzi za karatasi. Haibanduki. Ukipasha tena, unaipika mara ya pili. Ukitumia kemikali ya kuyeyusha gundi, mhuri wa zambarau unaondoka nayo, maana wino ule hata maji tu huuchuruza. Pale kwenye stempu karatasi ni nene zaidi, hewa imenaswa kwenye meno yake na kufanya mapovu. Na kifuniko kimeshikana na mwili wa bahasha moja kwa moja, kwa hiyo ndani hapafunguki tena. Baadhi ya kampuni zilichapa humo ndani orodha ya bidhaa au anwani ya simu ya maandishi (telegramu). Humu ilikuwemo? Basi tena.

Sasa nije kwenye nyota zenyewe, kwa sababu haki ni haki: skana yao ni nzuri mno. Nukta 600 kwa inchi, faili la TIFF, karatasi nyeusi nyuma ili kingo zionekane, na hawakuruhusu mashine "kurekebisha" rangi. Tena waliskani kabla ya kuharibu, alhamdulillahi. Fungua picha kwenye programu, tazama tabaka la rangi ya kijani peke yake: zambarau inakolea, na mhuri uliokuwa kivuli unasomeka herufi kwa herufi. Mhuri mweusi ukiwa umepandana na stempu nyekundu, jaribu tabaka la nyekundu peke yake. Stempu inafifia na mhuri unabaki. Ni kwa njia hiyo nililipata jina kamili la mshirika wa pili wa kampuni ile.

Jina likishapatikana, kazi inaanza. Gazeti Rasmi la serikali limekuwepo tangu 1899 na matoleo mengi ya zamani yako mtandaoni. Usiishie kwenye orodha za leseni. Tafuta matangazo ya kuvunja ubia, kufilisika na mirathi, ndiko majina ya washirika yanakojitokeza. Tafuta kwa kila tahajia: Alibhai, Allibhai, Alibhoy, Jivanjee, Jeevanjee. Sanduku la posta lisaidie pia, maana hapa kwa kawaida barua hazipelekwi mlangoni, na mara nyingi duka hubadilisha jina sanduku likabaki lilelile. Mwaka wa mhuri usiposomeka, iulize stempu: anna (sehemu ndogo ya rupia) ni kabla ya senti za 1907, "Kenya and Uganda" ni kuanzia 1922, Tanganyika ikiongezwa ni 1935 na kuendelea. Hayo ni kwa barua za kutoka huku. Za India zilibaki na anna zao.

Nikamwita mwenye duka. Akatazama, akasema: "Shekhe, karatasi kuukuu hii, mbona waifanyia makubwa? Sasa hata maji haiingii." Mtu wa pwani, anasema hivyo! Lamu Wajerumani walikuwa na wakala wa posta kuanzia 1888 hadi 1891, na jengo lake leo ni makumbusho. Ingekuwemo bahasha ya posta ile katika fungu langu, haya ningekuwa nayaandikia mahabusu.

Pesa alinirudishia yote, bila ubishi, hata ile ya skani. Hapo nikalainika kidogo. Kisha nikauliza vile vipande vya ukingo viko wapi, nikaambiwa ndoo imeshamwagwa.

Kwa hiyo nyota moja na nusu. Ukienda, kaa palepale mashine ilipo, taja kwa mdomo na uandike kwenye risiti: hakuna laminesheni, hakuna gundi, hakuna kukata, hakuna selotepu. Nambari ziandikwe kwa penseli laini kwenye mfuko, si kwenye bahasha. Mifuko peleka yako ya poliesta. Ile ya PVC yenye harufu kali, wino hugandia humo. Na nyumbani usilaze boksi likagusa ukuta wa matumbawe, unavuta chumvi na unyevu mwaka mzima. Skani chukua kwenye flashi siku hiyohiyo, na majina ya mafaili uyaandike mwenyewe.