Northumberland na watoto: wapi panafaa, wapi pesa inapotea

Kosa linaloharibu safari nyingi za Northumberland hufanyika nyumbani, kabla gari halijawashwa: mtu anapanga siku kwa kutazama ramani. Kwenye ramani Holy Island, Bamburgh na Seahouses zimekaa jirani kabisa, ukadhani utakuwa hapa asubuhi, pale mchana, kule jioni. Lakini katika kaunti hii ya kaskazini mashariki mwa England, ya mwisho kabla ya Scotland, ratiba hupangwa na maji ya bahari, msimu wa ndege, na nani anayeuza tiketi getini.

Tuanze na Holy Island, ile ambayo historia huiita Lindisfarne. Inaungwa na bara kwa barabara ya lami iliyolazwa juu ya mchanga na tope, na bahari huifunika mara mbili kwa siku, takriban saa tano kila mara. Baraza la kaunti hutoa jedwali la saa salama za kuvuka. Lisome kwa tarehe ile ile utakayokwenda, maana saa husogea kama dakika 50 kila siku. Jumamosi hii njia ikiwa wazi adhuhuri, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo huenda samaki wanapita juu ya lami.

Aliyekulia pwani ataelewa upesi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hapa hujaa alasiri mapema, kwa hiyo barabara hufungwa kuanzia karibu na saa sita mchana hadi jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kujaa huangukia asubuhi na usiku, na mchana njia huwa wazi. Mwenye watoto wadogo achague maji mafu. Ukiangukia bamvua, vuka asubuhi na ukubali kubaki kisiwani mpaka jioni, na ubebe chakula, kwa sababu kijiji ni kidogo na mikahawa yake hujaa mara moja. Usijaribu kuvuka, kuona na kurudi katika saa mbili za asubuhi. Watoto hawatembei kwa mwendo wa jedwali.

Jedwali lenyewe limekokotolewa kwa hali ya hewa ya kawaida. Upepo mkali unaweza kuleta maji mapema, hivyo acha akiba ya angalau nusu saa. Magari yanayozama kila mwaka ni ya madereva walioona maji ya kifundo cha mguu wakadhani yatapitika. Mbele kuna daraja dogo mahali palipo chini zaidi, na hapo maji yamekwisha kuwa ya kiuno. Ndiyo sababu hapo pamejengwa kibanda juu ya nguzo, upande ngazi, usubiri boti ya uokoaji huku ukitazama gari lako likielea. Na ile njia ya mahujaji yenye nguzo ndefu kwenye mchanga, kama maili 3 kwa miguu, si ya watoto wadogo: tope lake huvua gambuti mguuni na kubaki nayo.

Ukishafika, gari huachwa kwenye maegesho ya kulipia ya Chare Ends, kisha ni kutembea. Magofu ya monasteri yanasimamiwa na English Heritage, shirika la kutunza majengo ya kale. Monasteri ya kwanza ilianzishwa hapa na mtawa Aidan mwaka 635, na Waviking waliivamia 793. Simulia hivyo na mtoto wa miaka minane atasikiliza. Kasri juu ya mwamba ni la National Trust, shirika jingine la namna hiyo (kila moja lina kadi ya uanachama inayokuingiza bure kwenye maeneo yake), na hapa tunasema wazi: kwa nje linavutia kuliko ndani. Mbunifu Edwin Lutyens aliligeuza kuwa nyumba ya mapumziko mwanzoni mwa karne ya 20, na vyumba ni vichache na vidogo. Watoto hufurahia zaidi yale mashua ya zamani yaliyopinduliwa kando ya maji na kugeuzwa mabanda.

Visiwa vya Farne ndiyo safari bora kuliko zote katika kaunti hii, ukienda mwezi sahihi. Boti huondoka bandari ya Seahouses. Unalipa mara mbili: nauli kwa mwenye boti, na ada ya kushuka kisiwa cha Inner Farne kwa National Trust. Kadi ya uanachama inafuta ile ya pili tu. Safari ya kushuka huchukua karibu saa tatu, ambapo kisiwani unapata kama saa moja. Mwisho wa Mei hadi mwanzoni mwa Julai ndio wakati wa pafini, wale ndege wafupi weusi kwa weupe wenye midomo ya rangi, wanaorudi kwenye mashimo yao na samaki wembamba wamening'inia mdomoni kama masharubu. Mwisho wa Julai wameondoka. Anayekata tiketi Agosti kwa ajili ya pafini ataona miamba na sili, wale mamalia wa baharini. Sili nao si haba, na vichanga vyao vyeupe huzaliwa tangu mwisho wa Oktoba, ila bahari ya miezi hiyo ni kali na safari nyingi huahirishwa.

Kofia ni lazima, tena yenye ukingo. Buabua wa Aktiki, ndege wa baharini, hutaga kando kabisa ya njia ya mbao, na mpita njia yeyote kwao ni adui: hushuka kwa kelele na kudona utosi, mara nyingine mpaka damu. Hulenga sehemu iliyo juu kabisa, kwa hiyo baba hupigwa kabla ya mtoto, isipokuwa mtoto akiwa amebebwa mabegani. Usimbebe mabegani. Kigari cha mtoto kiache garini, tumia mbeleko. Msalani muende Seahouses kabla ya kupanda boti, na mwenye kichefuchefu akae katikati nyuma, si kwenye omo ambako mrusho ni mkubwa. Mkirudi na njaa, mji umejaa maduka ya samaki na chipsi. Kuleni mkiwa mmekaa ndani, kwa sababu shakwe wa bandarini wana mafunzo.

Bamburgh iko dakika chache kwa gari. Kasri ni mali ya familia ya Armstrong tangu 1894, kadi za uanachama hazifanyi kazi, na tiketi ya familia inauma kidogo. Mwenye bajeti finyu aende ufukweni chini yake: mchanga mpana, bure, na kasri linaonekana vizuri zaidi kutoka huko. Kijijini kuna jumba la makumbusho la Grace Darling, binti wa mlinzi wa mnara wa taa aliyepiga kasia na baba yake mwaka 1838 kuokoa manusura wa meli Forfarshire. Ni dogo, linatosha nusu saa. Kwa magofu tungechagua Dunstanburgh: unaacha gari kijiji cha Craster na kutembea maili moja na robo hivi kwenye nyasi za malisho, hakuna njia ya gari.

Alnwick ndiko wengi wanakovurugikiwa, kwa sababu jina ni moja na milango ni mitatu. Kasri la Duke wa Northumberland lina tiketi yake. Bustani ya Alnwick ina tiketi nyingine. Lilidorei, kijiji cha kuchezea kilichofunguliwa 2023 chenye kasri la mbao la kupanda na kuteleza, ni tiketi nyingine tena. Kufanya yote kwa siku moja ni kulipa tatu na kufaidi moja na nusu. Kasri hufungwa majira ya baridi, kuanzia Novemba hadi karibu mwisho wa Machi. Wengi huja kwa sababu filamu mbili za kwanza za Harry Potter zilipigwa hapa, na lile somo la kuruka kwa ufagio limo ndani ya bei. Ila nafasi zina saa na huisha, hivyo ukiingia getini nenda kuandikisha kwanza, vyumba baadaye. Bustanini, sehemu ya mimea ya sumu huingiwa na mwongozaji tu, na mtoto haruhusiwi kugusa wala kunusa. Mwenye mtoto anayeweka kila kitu mdomoni akae kwenye maporomoko ya maji, na abebe nguo za kubadili. Tukiambiwa tuchague moja: kasri kwa wenye miaka saba na zaidi, Lilidorei kwa wanaotaka kuchoka.

Cragside, karibu na Rothbury, ina thamani kubwa kwa wenye kadi ya National Trust. Ni nyumba ya kwanza duniani kuwashwa taa kwa umeme wa maji, na ina lifti na mtambo wa kugeuzia nyama uliosukumwa na maji. Ndani ya shamba kuna barabara ya maili 6 ya upande mmoja tu. Ukipita maegesho uliyoyataka huwezi kurudi nyuma, utazunguka upya. Waliofika mapema waanze na nyumba ikifunguliwa, mzunguko baadaye.

Ukuta wa Hadrian, uliojengwa na Warumi, una mtego wa kadi. Housesteads, ngome ya Kirumi, inakubali kadi za English Heritage na National Trust, lakini maegesho ni ya mamlaka ya hifadhi na yanalipiwa kivyake. Kutoka hapo ni nusu maili ya kupanda mlima. Choo cha askari wa Kirumi kitawachekesha watoto njia nzima ya kushuka. Vindolanda, ngome nyingine ya Kirumi, ni ya shirika lake lenyewe, kadi hazifungui lango, na bado ndiyo tungeilipia: kiangazi wachimbaji wa mambo ya kale huwa kazini mbele ya macho yako, na vibao vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, vilivyofukuliwa tangu 1973, vina mwaliko wa siku ya kuzaliwa na barua inayotaja soksi na chupi zilizotumwa.

Mvua ikishika, Barter Books mjini Alnwick, duka la vitabu vilivyotumika ndani ya stesheni ya zamani, ina treni ya kuchezea inayozunguka juu ya rafu. Kuingia ni bure.

Kuhusu barabara: kaskazini mwa Morpeth, A1 ina vipande virefu vya njia moja kila upande, na trekta moja hupanga foleni ya maili mbili. Ongeza dakika 20 kwenye makadirio ya simu, hasa kama unaelekea Beal, njia ya kuingilia Holy Island, na jedwali linafunga saa tano na nusu.