Wakala wa Safari Aliyebadilisha Jina la Mama Yangu Kwenye Tiketi ya Boti

Sijazoea kuandika maoni kuhusu huduma za watu, na hata haya nisingeyaandika kama jambo lenyewe lingenipata mimi peke yangu. Lilimpata mama yangu, aliyevuka miaka sabini, akabaki ameketi juu ya begi lake bandarini Dar es Salaam huku boti ya asubuhi ya kwenda Unguja ikiondoka.

Miezi kadhaa iliyopita mdogo wangu alikuwa anaoa Unguja, nasi tukaamua kutoka Mwanza kwa gari letu, mimi, mke wangu, watoto na mama. Kwa kuwa hadi Dar es Salaam pekee ni zaidi ya kilomita 1,100, na baada ya hapo kuna bahari, niliona ni busara kumlipa wakala mmoja hapa mjini atupangie kila kitu. Kwa upande wa barabara sina neno. Walitushauri tuondoke alfajiri ili tuupande mlima Sekenke kukiwa kweupe, tulale Dodoma, kisha tuingie Dar es Salaam siku moja kabla ya boti, maana foleni ya kuanzia Kibaha haitabiriki. Walitutafutia pia mahali penye mlinzi pa kuliacha gari, kwani boti za abiria ziendazo kasi hazipakii magari. Tulipokuwa tunakula kuku wa kienyeji pale Singida, nilitamka mbele ya watoto kwamba sitapanga tena safari bila watu hawa.

Mama ni Msukuma, na jina lake la pili, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, linaanza na Ng'w. Kwenye tiketi waliyotukatia lilianza na Mw. Nilikuwa nimewaachia nakala ya kitambulisho hicho, inayosomeka vizuri kabisa, na mtu anayefanya kazi Mwanza hawezi kudai kwamba haijui tofauti hiyo. Kijana wa getini alimwamkia mama kwa heshima, akaweka kidole kwanza kwenye kitambulisho, kisha kwenye tiketi, akasema taratibu, "Samahani mama, kwenye orodha yetu huyu ni mtu mwingine." Huyo simlaumu hata kidogo, kwa sababu alikuwa anaifanya kazi yake.

Nilimpigia wakala nikitumaini kwamba angesahihisha jina kabla boti haijaondoka. Dada aliyepokea, yule yule aliyezichukua fedha zangu kwa tabasamu, alinisikiliza kidogo tu, akanijibu, "Mzee, hizo ni herufi tu. Nyie mmezoea pantoni za ziwani, ndiyo maana mnahangaika." Kisha akakata simu, na kila nilipopiga tena haikupokelewa.

Herufi tu! Mwaka 1996, tarehe 21 Mei, meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria ikija Mwanza, abiria wengi wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha yoyote, na ndiyo sababu hadi leo idadi kamili ya waliokufa haijulikani. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Familia ilizunguka siku nyingi ikiulizia jina ambalo hakuna aliyewahi kuliandika, na kila Mei mama huenda makaburini Igoma bila kujua kama kaka yake yumo miongoni mwa waliozikwa pale. Ndiyo, tumezoea pantoni za ziwani, na kwa sababu hiyo hiyo tunajua kazi ya jina kwenye orodha ya abiria kuliko mtu aliyekaa ofisini akikata tiketi.

Tulinunua tiketi nyingine, tukavuka kwa boti ya mchana, na tulipofika ndoa ilikuwa imekwisha kufungwa. Mama hakulalamika, na ukimya wake uliniuma zaidi kuliko fedha zilizopotea.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba mtu yeyote asiwatumie. Halafu nimeikumbuka ile nyumba safi ya kulala wageni Dodoma, na gari tulilolikuta salama, nikaona haki ni kusema kwamba kwa safari ya nchi kavu wanaijua kazi yao, ila tiketi ya boti ukate mwenyewe na uisome herufi kwa herufi ukiwa na kitambulisho mkononi. Lakini hapana. Mtu anayemjibu mteja vile hafai kupewa hata safari ya kwenda Misungwi, hapa jirani tu, na hilo silibadilishi tena.

Juzi wamenirudishia nauli kwa njia ya simu, bila neno lolote la pole. Nimewarudishia fedha yao. Ninachotaka ni yule dada aje nyumbani, amwamkie mama, na amwombe radhi akimtaja kwa jina lake, kwa Ng'w yake.