TAHADHARI: Anayeuza safari ya Fort Jesus kwa namba yake binafsi

Ndugu zangu, kabla hujatuma hela ya safari ya Mombasa, soma hapa kwanza.

Kuna jamaa anazungusha tangazo la safari ya siku tatu kwa barabara, kutoka Nairobi hadi Fort Jesus. Shilingi 8,500 kwa kichwa, na humo ndani eti mna gari, malazi na kiingilio cha ngome. Nililipia watu watatu: mimi, mama na mpwa wangu. Mama ameitamani safari hii tangu nikiwa mdogo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Njiani hakukuwa na neno. Tulitoka usiku, tukanywa chai Mtito Andei, kukapambazuka tukiwa Mariakani. Dereva naomba asilaumiwe: alilipwa nusu tu, nusu nyingine akaahidiwa tukifika. Pale langoni tukatoa tikiti tulizotumiwa kwenye simu. Mhudumu akaziangalia, akamwita mwenzake, wakatuambia kwa upole kwamba si zao. Kumpigia jamaa, simu ikaita mara mbili, kisha ikazimwa. Hotelini hakuna jina letu hata moja. Watu 14, wengine na watoto wadogo, tumesimama juani na mabegi. Tukachanga, tukamlipa dereva haki yake, tukaingia ngomeni kwa hela zetu na jioni ileile tukageuza.

Dalili zilikuwepo. Picha ya tangazo ilionyesha minara ya mviringo yenye meno juu, nayo ni Ngome Kongwe ya Zanzibar! Fort Jesus, waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, ina kona zilizochongoka. Cairati, Mwitaliano aliyeichora, alitaka mizinga ya kona moja ilinde ukuta wa kona ya pili. Anayedai amepeleka watu huko miaka mitano hawezi kukosea hapo. Nilimuuliza, akasema ni upande wa baharini. Nikaamini. Sasa nimefika, upande kama huo haupo.

Kubwa zaidi ni malipo. Hela zote zilienda kwa namba ya simu ya mtu. Kiingilio cha Fort Jesus hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali ya Kenya, na unaweza kujilipia mwenyewe. Mwenye kuandaa safari naye mwitishe leseni ya TRA, yaani mamlaka ya Kenya inayosimamia utalii, kisha uwaulize TRA wenyewe kama wanamjua. Picha ya cheti isikutosheze, mimi nilitumiwa moja yenye mhuri mzuri kabisa. Na akikuharakisha kwamba zimebaki nafasi mbili, jua mimi niliambiwa hivyo Jumatatu, mwenzangu akaambiwa vivyo hivyo Alhamisi.

Kama umetuma sasa hivi, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba hela irudishwe, upesi kabla hajaitoa. Sisi tulichelewa.

Wiki hii tangazo limerudi kwa namba mpya. Sasa anauza magofu ya Gedi na nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi, maneno ni yaleyale hadi makosa ya herufi. Uliyelipa, nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha uniandikie faraghani. Tisa kati yetu tayari tunazo, na tunataka malalamiko yote yafike pamoja.