Gari la kujenga nyumbani kwa ajili ya mbio, Arusha na Moshi: lipi ununue, lipi uliache

Nimejenga magari mawili ya mbio uani kwetu Sakina, Arusha. La kwanza lilikaa juu ya stendi miezi kumi na moja likisubiri spea, mwishowe nikaliuza vipande vipande. La pili lilichukua miezi mitano, likaenda kukimbia vumbini na kurudi nyumbani bila kuvutwa. Fundi alikuwa yuleyule, ua uleule, spana zilezile. Kilichobadilika ni gari nililochagua siku ya kununua. Kwa hiyo magari matano ninayoyapanga hapa nimeyapima kwa swali moja: mtu mwenye kazi yake ya mchana, anayefungua bolti jioni na Jumapili, ataweza kulimaliza?

Kabla ya majina ya magari, elewa hewa yetu. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mita 850 hivi. Injini isiyo na tarbo, yaani feni inayosukumia injini hewa ya ziada, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa ni nyepesi na silinda inavuta oksijeni kidogo. Injini ambayo kitabu kinasema ina nguvu farasi 100, Arusha itegemee kwenye 86. Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, nacho kinashuka vivyo hivyo. Nimeshuhudia injini nzima ikihukumiwa kuwa imechoka kwa sababu namba hazikufika zile za kitabu, mwenye gari akaingia gharama za ovahoo bure. Linganisha silinda na silinda. Zikikaribiana, una injini. Moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, hapo tafuta valvu, ringi au gasketi ya hedi. Na maji yasiyo na mgandamizo huku Arusha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo mfuniko wa rejeta uliolegea springi una madhara zaidi huku kuliko Dar es Salaam. Ni kitu kidogo cha kununua kipya siku hiyohiyo unayoleta gari nyumbani.

Jingine ni kutu, na hapa sisi wa kaskazini tuna bahati. Gari lililoishi Arusha, Moshi au Babati kwa miaka kumi na tano mara nyingi lina bodi ambayo gari la Tanga au Zanzibar haliwezi kuwa nayo, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Muulize muuzaji gari limekaa wapi, kisha hakikisha mwenyewe. Mimi natembea na sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, nimeifunga kwenye kitambaa isichane rangi. Naipitisha taratibu chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu, kisha kuzunguka vikombe vya shokapu ndani ya boneti. Penye chuma inashika. Penye puti, ile ya kuzibia mabonde kabla ya rangi, inateleza mkononi. Corolla moja niliyoikagua Ngarenaro ilikuwa inang'aa kama kioo. Sumaku ikashika mlango wa dereva vizuri, ikafika chini ya mlango wa nyuma ikaanguka kwenye mchanga. Nikafungua buti, nikatoa tairi la akiba na zulia: sakafu ilikuwa na mshono wa kulehemu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Lile lilikuwa limegongwa nyuma na kuungwa. Gari la namna hiyo linaweza kukupeleka kazini miaka mingi. Kulifungia kizimba cha usalama, yale mabomba ya chuma yanayomlinda dereva gari likipinduka, na kulirusha kwenye kona ni kuhatarisha maisha yako, maana kizimba kinategemea sakafu kilikofungwa.

Injini unaweza kuibadilisha wikiendi moja. Bodi iliyopinda huwezi kuibadilisha. Gari la injini mbovu na bodi nyoofu, likipunguzwa bei, ndilo ninalolitafuta.

Na utafute la hapahapa nchini. Kuagiza gari la miaka ya 90 kutoka Japani kunakuingiza kwenye ushuru wa ziada wa uchakavu unaotozwa magari yaliyopita miaka minane, na hiyo ni pesa ambayo ingenunua breki, viti na matairi.

Namba moja: Toyota Starlet, EP82 au EP91

Hili ndilo gari langu la pili, na bado ndilo ningelinunua kesho. Matoleo mengi yasiyo na tarbo hayafiki kilo 900. Watu wanaudharau wepesi kwa sababu hauonekani kwenye tangazo la kuuza, ila ukishaanza kulipia vitu kwa mfuko wako utauelewa. Gari jepesi linakula matairi taratibu na pedi za breki zinadumu. Linahitaji rejeta ya kawaida tu na klachi ya kawaida. Tairi za inchi 13 au 14 unazipata kwa bei ya mtu wa kipato cha kawaida, na kwenye mbio tairi ndizo zitakazokurudisha dukani mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Injini yake ya kawaida ni 4E-FE ya cc 1,331. Na hapa ndipo Starlet inapoyapita magari mengine kwa mtu wa Arusha: Toyota Raum ya zamani, ile ya kwanza yenye mlango wa kuteleza, inatumia 5E-FE ya cc 1,497, injini ya ukoo uleule. Raum zimechinjwa nyingi, injini zake zipo kwa wauza spea za mtumba, na inakaa kwenye Starlet bila kukata chuma kingi. Raum ni oto, kwa hiyo giaboksi unabaki na ile ya manyuali ya Starlet yako. Mimi nilifanya hivyo. Tulitoa injini ya zamani Jumamosi asubuhi kwa winchi ya kukodi, na Jumapili jioni ile ya Raum ilikuwa inawaka. Kilichotuchelewesha ni waya. Fundi umeme alikaa siku mbili na tochi ya kichwani akifuata waya mmoja mmoja, na kila alipoufikia aliufunga kipande cha plasta na kuandika jina lake kwa kalamu. Mwombe wako afanye hivyo hata kama anasema vyote viko kichwani.

Starlet yenye tarbo, GT Turbo au Glanza V, ina 4E-FTE ya nguvu farasi 135, na tarbo inafidia sehemu kubwa ya hewa nyepesi ya huku. Ukiikuta nzima yenye kadi safi, chukua. Ila nyingi zimeshapita mikononi mwa vijana watatu wanne walioongeza presha ya tarbo bila kuongeza mafuta. Chomoa plagi zote nne uziangalie: ncha iliyoyeyuka au yenye vitone vya kung'aa inamaanisha injini imekuwa ikigonga kwa joto. Achana nayo.

Udhaifu wa Starlet ya kawaida ni breki za nyuma za ngoma na shokapu laini.

Namba mbili: Corolla 100 na 110

Hapa sitachukua muda mrefu, kwa sababu kila fundi kuanzia Unga Limited mpaka Pasua kule Moshi anaifahamu Corolla akiwa amefumba macho. Injini ya 5A-FE ya cc 1,498 ni mvumilivu, bodi ina nafasi ya kutosha kufunga kizimba, na bushi, boljointi na beringi za magurudumu zipo kila duka. Imekuwa namba mbili kwa uzito tu, kiasi cha kilo 1,000 na zaidi kidogo, na kwa sababu nyingi zilizobaki ni oto. Kutafuta giaboksi ya manyuali, pedali, kebo na plagi ya waya wake kunaweza kukutafuna mwezi mzima. Ukipata yenye manyuali tangu kiwandani kwa bei ya juu kidogo, lipa tofauti hiyo kwa moyo mweupe.

Usishawishiwe na injini ya 4A-GE ya valvu ishirini. Ni injini tamu, ile ya toleo la AE111 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 165, lakini ikivunjika huku utaanza kupiga simu Dar, Nairobi, mpaka Dubai.

Namba tatu: Toyota Altezza

Watu wa Arusha wanaipenda, nami naelewa. RS200 ya manyuali ina gia sita, injini ya 3S-GE ya nguvu farasi 210, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, na sijaendesha gari la bei hii linaloingia kwenye kona ya lami kwa utulivu kama huu. Tatizo lake ni mambo matatu. Lina kilo zaidi ya 1,300. Liko chini, na mashindano ya kwetu yako zaidi kwenye vumbi na mawe, kwa hiyo kisahani cha oili kitapigwa; bila bamba la chuma chini ya injini usithubutu. Halafu nyingi zinazouzwa ni AS200 yenye 1G-FE ya silinda sita na nguvu farasi 160, ila zimebandikwa nembo ya RS200. Fungua boneti uhesabu: plagi nne ni RS, sita ni AS. Kisha linganisha namba ya injini na iliyoandikwa kwenye kadi.

Kama una mpango wa kukimbia kwenye lami, hata kwa kusafiri nje ya nchi, ipandishe mpaka namba moja.

Namba nne: Subaru Impreza yenye tarbo

Hili ndilo gari langu la kwanza, lile la miezi kumi na moja. Sina ubaya nalo. Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya ya 1997 kwa Impreza, Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000, na ukikanyaga mafuta kwenye udongo mwekundu uliolowa, magurudumu manne yakashika pamoja, unaelewa sababu. Na kwa hewa yetu, tarbo ni msaada wa kweli.

Ila injini zake, EJ20 zenye tarbo, hazisamehe. Zilipangwa kwa petroli ya Japani yenye oktani ya juu sana, na oili ikipungua kidogo kwenye kona ndefu, beringi za konrodi ndizo za kwanza kufa. Yangu ilianza kwa sauti ndogo, tak-tak-tak, nikitoka Kisongo, ikiongezeka nikikanyaga na kupungua nikiachia. Ningezima palepale. Badala yake niliendesha mpaka nyumbani, kilomita zisizofika ishirini, na kranki ikachorwa mistari ambayo ukucha ulikuwa unaingia. Kranki ya kubadilisha niliyouziwa kama nzima ilifika ikiwa na kipimo tofauti, nikairudisha, nikasubiri nyingine, pesa ikaisha. Mtu mwenye bajeti ya magari mawili anaweza kulinunua Impreza kwa furaha kabisa. Mwenye bajeti ya gari moja atalia.

Zile Impreza za cc 1,500 zisizo na tarbo ziruke. Zile zinazosukuma kwa magurudumu manne zina uzito wake, na nguvu ya kuyasukuma hazina.

Namba tano: Datsun na Peugeot za wazee

Kila mara tunasikia kuna 504 au Datsun imelala chini ya mti wa mparachichi Machame au Marangu, mwenyewe alishafariki na watoto wanaiuza. Roho inakwenda mbio, nami yangu pia. Peugeot 404 ndiyo iliyompa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, ushindi wa Safari mwaka 1966 na 1967. Shekhar Mehta alishinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun. Na tangu 2003 yapo mashindano ya East African Safari Classic kwa magari ya namna hii. Lakini vioo, raba za milango, vipande vya taa na silinda za breki utavitafuta kimoja kimoja kwa miaka. Linunue kama gari la pili, la kurejesha heshima yake polepole, wakati lile la kukimbia limeshakamilika.

Pesa iliyobaki

Ukishachagua, usitumie zaidi ya nusu ya akiba yako kununua gari. Nusu nyingine ianze kwenye breki: hozi mpya, pedi za kustahimili joto na mafuta mapya ya breki ya DOT 4, ambayo yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, wakati DOT 3 huanzia 205. Mafuta hayo hunyonya unyevu, kwa hiyo kopo lililofunguliwa mwaka jana ni la kumwaga. Baada ya breki ni rejeta na hozi zake, shokapu na bushi, kisha kiti kimoja kigumu na mikanda. Injini iwe ya mwisho. Na nunua stendi nne za chuma kabla ya spana yoyote ya kisasa. Matofali ya kuchoma hupasuka bila kutoa onyo, na wewe ukiwa chini.

Kizimba cha usalama ndicho kitu pekee ambacho sikubali kupunguza bei. Kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, zinataka tao kuu liwe bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au kipenyo 50 na unene 2.0. Bomba la maji la duka la vifaa vya ujenzi lina mshono kwa ndani, na hapo ndipo linapofunguka likibanwa. Nenda dukani na kalipa, kile chombo cha kupimia unene, pima unene kwenye ncha iliyokatwa, ingiza kidole ndani ya bomba uzungushe taratibu. Ukigusa ukingo ulioinuka, hata mwembamba kama uzi, rudisha.