Kitalu cha miche njia ya Mikindani: miche safi, bango limezidisha chumvi

Mimi ni seremala hapa Mtwara mjini, mwaka wa kumi na tisa huu. Miti niliyopasua ni mingi kuliko niliyopanda, basi Desemba mvua zilipoanza nikaenda kununua miche sita: mitiki minne kwa shilingi 1,000 kila mmoja, mipingo miwili kwa 2,000. Bei haina shida.

Kijana wa pale ndiye aliyenifanya niandike. Nilimtania kwamba miti yake itanimalizia udongo wa kiwanja. Akanipeleka kwenye mwembe uliosahaulika ndani ya ndoo ya rangi, umenifika begani. "Fundi, hebu cheki udongo." Umejaa vilevile, labda umeshuka kidole kimoja. "Sasa huo mti wote umetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Kumbe umetoka hewani. Jani lina vitundu visivyoonekana kwa macho, linaingiza hewa ukaa, mizizi inapandisha maji, jua linapika. Inapatikana sukari, oksijeni inaachiwa itoke, na sukari hiyo ndiyo inayojenga shina. Ubao ukikauka, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Miaka yote hii kumbe naranda hewa!

Ila lile bango lao la "Panda mche mmoja, futa moshi wa bodaboda yako", hapana. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa hewa ukaa kama kilo 2.3. Kuifunga hiyo tu, mti unatakiwa uongeze kilo moja na robo hivi ya uzito mkavu. Kamche nilikobeba mimi hakafiki hata uzito wa msumari wa inchi sita. Na mpingo ndio kabisa: kipande chake ukikitumbukiza majini kinazama kama jiwe, lakini kuukomaza ni miaka sabini na zaidi. Mwenye bodaboda atakuwa kashazikwa.

Kasoro nyingine: mitiki miwili ilikuwa imekaa sana kwenye viriba, mizizi imejizungusha chini kama kata ya kubebea ndoo. Mmoja ukanikaukia. Niliporudi nao nikapewa mwingine bila maneno, hapo nawapongeza. Ukienda, omba wakuchanie kiriba kimoja kabla hujalipa.

Msimu ujao nafuata mikangazi. Ule mwembe wa kwenye ndoo nimeuulizia bei mara mbili, kijana hauzi.